HD DVD, Blu-ray, 4K UHD au strimingi: kipi cha kutunzia filamu zako?

MdauWaPicha

Wakuu, habari zenu.

Naomba tulinganishe mifumo hii kwa kina, maana hadithi inayorudiwa kila mahali ni moja: Blu-ray iliishinda HD DVD, diski iliyoshindana nayo kuirithi DVD, kwa ubora wa picha, halafu strimingi ikaizidi Blu-ray kwa wepesi. Kwa nilivyoona mimi, nusu ya kwanza si kweli, na nusu ya pili inasimuliwa kwa haraka mno.

Nina deki ya HD DVD ambayo bado inapiga kazi, nina ya Blu-ray, na runinga ya 4K. Zipo filamu ninazo katika mifumo yote miwili. Nimezicheza kwa zamu, tukio lilelile, nikisogea mpaka karibu na kioo kuangalia vinyweleo vya mkono, nyuzi za sweta, chembechembe za filamu kwenye ukuta mweupe. Sioni tofauti. Na haipaswi kushangaza. Warner, ilipokuwa ikitoa filamu kwa pande zote mbili, mara nyingi ilitengeneza faili moja la VC-1 (njia ya kubana video) linaloenea kwenye gigabaiti 30 za HD DVD, kisha faili hilohilo likatumika kwenye Blu-ray, hata kama diski ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 50.

Sasa kama si picha, ni nini kiliamua? Na la pili, ambalo ndilo linaniumiza kichwa zaidi: mtu akiwa na filamu anayoipenda na anataka kuitazama hata miaka ishirini ijayo, anunue Blu-ray ya kawaida, 4K UHD (Blu-ray yenye picha za 4K), au alipie nakala ya kidijitali iliyo kwenye akaunti yake? Mimi naelemea kwenye diski, na sababu yangu kubwa si ubora. Ila nataka kusikia wenye mawazo tofauti, hasa wenye hoja za kiufundi.

FundiLenzi

Mkuu, umeanza vizuri. Ngoja nieleze kilichomo ndani ya deki, maana hapo ndipo mifumo hii miwili ilipoachana.

Deki ya DVD inatumia leza nyekundu ya nanomita 650. Wengi wanadhani leza ya bluu ni mali ya Blu-ray peke yake kwa sababu ya jina. Sivyo. HD DVD nayo inatumia leza ileile ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Tofauti iko kwenye lenzi. Nguvu ya lenzi kuukusanya mwanga hupimwa kwa namba moja: kwa DVD ni 0.60, kwa HD DVD 0.65, kwa Blu-ray 0.85. Ukubwa wa doa la mwanga linaloangukia kwenye diski unapatikana kwa kugawanya urefu wa wimbi kwa namba hiyo. Chukueni kikokotoo. 650 kwa 0.60 ni karibu 1083. 405 kwa 0.65 ni 623. 405 kwa 0.85 ni 476. Eneo la doa linakwenda kwa kipeo cha pili, kwa hiyo doa la DVD ni kubwa mara 3 kuliko la HD DVD na mara 5.2 kuliko la Blu-ray. Sasa linganisheni na uwezo wa safu moja: DVD gigabaiti 4.7, HD DVD 15, Blu-ray 25. Namba zinakubaliana karibu kabisa. Uwezo wote ule umetokana na mwanga na lenzi.

Lakini lenzi kali namna ile ina masharti. Diski ikiinama hata kidogo tu doa linavurugika, na vurugu hiyo inakua kwa kipeo cha tatu cha namba ya lenzi, ikizidishwa na unene wa plastiki ambayo mwanga unapita. Dawa ikawa kupunguza unene. Blu-ray ikaweka data milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, wakati DVD na HD DVD zinaiweka milimita 0.6 ndani. Huo mwanya wa nusu milimita ndio uliovunja mazungumzo ya mwaka 2005, Sony na Toshiba walipokaa kutafuta mfumo mmoja. HD DVD, kwa kuwa ilibaki na umbo la DVD, ingeweza kutengenezwa kwenye mitambo ya DVD iliyorekebishwa kidogo. Blu-ray ilihitaji mitambo mipya. Kwa mwenye kiwanda hilo ni jambo zito sana.

Halafu data ikiwa karibu na uso hivyo, mkwaruzo mdogo unaiharibu. Ndiyo maana rekoda ya kwanza ya Blu-ray, iliyotolewa na Sony huko Japani Aprili 2003, ilitumia diski zilizofungiwa ndani ya kasha la plastiki. TDK ndiyo iliyopata utando mgumu wa kukinga uso, na kasha likatupwa. Bila utando ule sidhani kama Blu-ray ingefika mbali. Watu hawalitaji jambo hili, wakati ndilo lililoifanya diski iweze kushikwa mkononi kama diski nyingine.

Mzee_Kanda

Nawasalimu wote.

Fundi kaeleza lenzi. Mimi niseme kuhusu watu na biashara, maana nimefuatilia mambo haya tangu enzi za kanda.

Tarehe 19 Februari 2002 kampuni tisa, zikiwemo Sony, Panasonic, Philips, Pioneer, Samsung na LG, zilitangaza Blu-ray. Mwaka huohuo Toshiba na NEC wakapeleka mfumo wao, uliokuja kuitwa HD DVD, kwenye DVD Forum, chama cha kampuni za DVD. Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikatangaza kuachana na HD DVD. Miaka sita kamili.

Mwanzoni HD DVD ndiyo iliyokuwa mbele. Aprili 2006 Toshiba iliingiza sokoni Marekani deki ya HD-A1 kwa dola 499. Juni ikaja Blu-ray ya kwanza ya Samsung kwa karibu dola 1,000. Na diski za kwanza za Blu-ray hazikupendeza: nyingi zilikuwa za safu moja, gigabaiti 25, na zilibanwa kwa MPEG-2, teknolojia ileile ya DVD, wakati HD DVD ilishaanza na VC-1. Aliyelinganisha mwezi ule alitoka na jibu moja, kwamba HD DVD ilikuwa na picha nzuri zaidi kwa nusu ya bei.

Kilichogeuza upepo ni Novemba 2006. Sony ilitoa PlayStation 3 na kila moja ilikuwa na kiendeshi cha Blu-ray ndani yake, mnunuzi atake asitake. Microsoft, iliyokuwa upande wa HD DVD, iliuza kiendeshi cha Xbox 360 kando, kama kifaa cha kuongezea. Angalieni tofauti hiyo. Upande mmoja kila aliyenunua mashine ya michezo alikuwa tayari mteja wa filamu. Upande wa pili ilibidi mtu aamue tena na alipe tena. Studio ziliposoma hesabu za mauzo ya diski, ziliona Blu-ray inauzwa zaidi wakati deki zenyewe za HD DVD zilikuwa rahisi.

Studio nazo zilikuwa zimegawanyika. Sony, Disney na Fox upande wa Blu-ray. Universal upande wa HD DVD. Paramount ilikuwa kotekote, kisha Agosti 2007 yenyewe na DreamWorks Animation wakahamia HD DVD peke yake. Warner ikabaki katikati na maktaba yake kubwa. Tarehe 4 Januari 2008, siku chache kabla ya maonyesho ya elektroniki ya CES kule Las Vegas, Warner ikatangaza kwamba inakwenda na Blu-ray. Kundi la HD DVD lilikuwa limeitisha mkutano na waandishi kwenye maonyesho hayo, likaufuta. Baada ya hapo ni kumalizika tu: tarehe 11 Februari Netflix na maduka ya Best Buy wakaegemea Blu-ray, tarehe 15 maduka ya Walmart, na tarehe 19 Toshiba yenyewe ikajitoa.

Kwa hiyo MdauWaPicha, jibu langu la swali lako la kwanza: iliamuliwa na kifaa ambacho watu walikinunua kwa ajili ya kitu kingine. Hata VHS haikuishinda Betamax kwa picha. Betamax ilitoka 1975 na mkanda wa saa moja, VHS ikaja 1976 na saa mbili, na filamu nyingi ni za karibu saa mbili.

Rafu_Imejaa

Shikamoo Mzee Kanda. Nakubaliana na tarehe zako zote, ila naomba nitofautiane nawe kwenye jambo moja. Unaongea kana kwamba mnunuzi alipata mshindi na mambo yakaisha. Mimi naona mnunuzi alipoteza, na kilichopotea kinapaswa kutajwa.

HD DVD haikuwa na kanda za kimaeneo. Diski iliyonunuliwa nchi yoyote ilicheza kwenye deki ya nchi yoyote. Blu-ray ikaja na A, B na C, na mpaka leo ukiagiza diski kutoka mbali unaanza kwa kutafuta herufi nyuma ya kava. Pia HD DVD ilikuwa na masharti yaliyokamilika tangu siku ya kwanza: kila deki lazima iwe na tundu la mtandao, lazima iweze kuonyesha picha ndogo ndani ya picha kubwa, lazima iwe na hifadhi yake ya ndani. Blu-ray ilianza na kiwango cha 1.0 kisicho na hayo. Kikaja 1.1, kikaja 2.0, na waliowahi kununua deki mapema waliachwa nyuma. Baadhi zilikuwa zikigoma kabisa kucheza diski mpya mpaka zisasishwe, na deki yenyewe haina tundu la mtandao, mtu anaanza kuchoma apdeti kwenye CD. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, na watu walikasirika kwa haki.

Na muda. Hili ndilo kubwa zaidi kwangu. Kati ya 2006 na 2008 mtu mwenye akili timamu alikaa na DVD yake akisubiri mshindi. Netflix ilianza kutiririsha filamu Januari 2007, katikati ya ugomvi huo. Diski ilipopata mshindi, tayari kulikuwa na kizazi kilichoanza kuzoea kutonunua. Na kwa miaka mingi baada ya ushindi DVD iliendelea kuuzwa kuliko Blu-ray. Kama wangekubaliana 2005, leo tungekuwa tunajadili kitu kingine kabisa.

FundiLenzi

Rafu, hoja ya kanda za kimaeneo naikubali moja kwa moja. Na ni vizuri kukumbusha kwamba 4K UHD haina kanda. Katika hilo HD DVD ilikuwa sahihi na wenye Blu-ray wameufuata uamuzi huo baadaye.

Ila kwenye kukubaliana 2005, kwa umbo gani? Kama wangechukua milimita 0.6, tungekuwa na diski ya gigabaiti 30. Najua mwaka 2007 DVD Forum iliidhinisha HD DVD ya safu tatu yenye gigabaiti 51, lakini hakuna filamu hata moja iliyouzwa kwenye diski hiyo. Leo UHD ina gigabaiti 66 kwa safu mbili na 100 kwa safu tatu, na imejengwa juu ya umbo lilelile la milimita 0.1. Msingi ule ndio uliotufikisha 4K bila kubadilisha diski.

BintiPikseli

Jamani, mimi natetea strimingi, na nitaitetea kwa hoja za ubora kwa sababu naona imeshahukumiwa kabla haijasikilizwa.

Watu wanalinganisha pikseli: 1080p (picha ya Blu-ray ya kawaida) ni milioni 2, 4K ni milioni 8. Ukikaa umbali wa kawaida wa kutazama runinga, sehemu kubwa ya tofauti hiyo jicho halioni. Jicho linachoona ni mwanga na rangi. Blu-ray ya kawaida inatumia biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 kutoka giza kwenda mwangaza. Strimingi ya 4K yenye HDR (picha yenye upeo mpana wa mwanga) inatumia biti 10, ngazi 1024, na ina uwezo wa kuonyesha mwanga mkali ambao Blu-ray ya kawaida haijawahi kupewa. Chukua tukio la machweo, anga linatoka rangi ya chungwa kwenda samawati iliyokolea. Kwenye Blu-ray utaona mistari ya rangi angani kama ramani ya miinuko. Kwenye strimingi nzuri ya HDR anga linateleza.

Kwa hiyo anayesema diski yoyote ni bora kuliko strimingi yoyote hasemi kweli. Inategemea diski gani. Na kodeki, yaani njia za kubana video, zimesonga mbele: HEVC na AV1 zinafanya kwa megabiti chache kazi ambayo MPEG-2 haikuiweza kwa nyingi.

Sauti_Nzito

Dada BintiPikseli, kwenye HDR uko sahihi na nafurahi umelisema, maana hata UHD inang'ara kwa sababu hiyohiyo kuliko kwa sababu ya pikseli. Filamu nyingi zilimaliziwa studio kwa ubora wa 2K (karibu sawa na 1080p), kwa hiyo diski yake ya 4K ni picha ya 2K iliyokuzwa. Inachokuletea ni rangi na mwanga.

Lakini tupige hesabu ya data. Netflix inashauri intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K. Filamu ya saa mbili kwa kasi hiyo ni kama gigabaiti 13.5, ukijumlisha picha na sauti. Diski ya UHD ina gigabaiti 66 au 100 na inaweza kusomwa kwa zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde. Hata Blu-ray ya kawaida inaruhusu megabiti 40 kwa picha peke yake.

Pengo hilo linaonekana wapi? Si machweoni. Linaonekana pale kila kitu kinapotikisika kwa pamoja: mvua kubwa, moshi, mawimbi, vumbi la farasi, karatasi zinazopeperuka. Linaonekana pia kwenye giza. Mtu amesimama kwenye korido isiyo na taa, nyuma yake kuna ukuta mweusi. Kwenye strimingi ukuta ule unakuwa na viraka vya mraba vinavyocheza, kwa sababu programu ya kubana data imeamua giza halina maana. Mpigapicha aliyeweka taa kwa saa nyingi ili ukuta ule uonekane kwa shida, kazi yake inapotea pale. Na chembechembe za filamu za zamani ndizo za kwanza kufutwa, kwa kuwa hazitabiriki na kila fremu ina zake. Nyuso zinabaki laini kama nta.

Kuhusu sauti sitaongea sana kwa sababu nitaandika hadi kesho. Blu-ray na UHD zinabeba Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, sauti isiyopunguzwa kitu, ambayo hula megabiti kadhaa kwa sekunde. Atmos (sauti ya Dolby inayokuzunguka) ya Netflix inafika kilobiti 768. Kwa spika za ndani ya runinga hutasikia tofauti yoyote. Kwa mfumo mzima wenye sabufa, ngurumo ya kwenye diski inakufikia kifuani na ya strimingi inaishia masikioni.

MdauWaPicha

Nashukuru sana wakuu, hasa hesabu ya doa la leza na hii ya gigabaiti 13.5. BintiPikseli, hoja yako ya ngazi 256 imenifanya nirudie filamu mbili tatu na mistari ya angani nimeiona, tena kwenye Blu-ray niliyokuwa naiamini.

Sasa nipeleke mbele swali la pili. Tuseme ubora unakaribiana. Nakala ya kidijitali iliyolipiwa ni yangu kweli?

Rafu_Imejaa

Si yako. Ulicholipia ni leseni ya kutazama, na leseni ina mwenyewe.

UltraViolet ilianzishwa 2011 kwa ahadi nzuri: nunua diski, weka namba ya siri iliyo ndani ya kava, filamu inakaa kwenye kabati lako la mtandaoni milele. Ilifungwa tarehe 31 Julai 2019. Waliounganisha akaunti zao na maduka mengine mapema waliokoa filamu zao nyingi, lakini ilibidi mtu awe macho. Desemba 2023 wateja wa PlayStation waliambiwa vipindi vya Discovery walivyovilipia vitaondolewa kwenye maktaba zao. Uamuzi ukarudishwa nyuma baadaye mwezi huohuo, lakini kila mtu aliona kwamba unawezekana. Na California ikatunga sheria, iliyotiwa saini Septemba 2024, inayolilazimisha duka la kidijitali kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni, kama duka linataka kutumia neno "nunua". Sheria isingehitajika kama watu wangekuwa wanajua.

Kuna jambo lingine linalonigusa zaidi ya kuondolewa. Filamu inaweza kubaki kwenye akaunti lakini si ileile. Muziki unabadilishwa kwa sababu ya haki za wimbo, rangi zinapakwa upya, tukio linakatwa. Nakala ya zamani inaondoka kimyakimya na hakuna tangazo. Diski iliyo rafuni hakuna anayeweza kuigusa usiku ukiwa umelala.

BintiPikseli

Rafu, hilo sina cha kulipinga. Ila niulize upande wa pili ambao wapenda diski huwa wanauruka: nani atakutengenezea deki? Oppo ilijitoa 2018. Samsung ikaacha kuleta deki mpya za UHD Marekani 2019. LG nayo ikasimamisha zake 2024. Netflix, iliyokuwa pia ikiazimisha DVD kwa posta, ilituma ya mwisho Septemba 2023, na Best Buy ikaacha kuuza diski 2024. Sony iliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia Februari 2025. Leseni inaweza kufutwa, sawa, lakini diski bila deki nayo utaifanyia nini?

FundiLenzi

Swali zuri na linahitaji jibu la moja kwa moja.

Panasonic na Sony bado wanatengeneza. PlayStation 5 yenye kiendeshi na Xbox Series X zinacheza UHD, ingawa zote mbili hazitoi Dolby Vision kutoka kwenye diski, zinatoa HDR10 (zote mbili ni aina za HDR). Jambo la heri ni kwamba deki ya UHD inacheza Blu-ray na DVD pia, kwa hiyo mashine moja inatosha mifumo mitatu. Hakuna deki mpya ya HD DVD popote, na Toshiba yenyewe ilijiunga na chama cha Blu-ray mwaka 2009.

Kwenye kompyuta mambo yamekuwa mabaya zaidi. Kucheza UHD kwa njia rasmi kulitegemea teknolojia ya SGX ndani ya vichakato vya Intel, na Intel imeiondoa kwenye vichakato vya kompyuta za kawaida vya miaka ya karibuni. Kompyuta mpya yenye nguvu haichezi diski ambayo ya zamani iliicheza. Usitegemee njia hiyo.

Kinachokufa kwanza kwenye deki ni leza. Mwanga unafifia polepole: inaanza kukataa diski za safu tatu, kisha za safu mbili, DVD inaendelea kucheza kwa sababu leza nyekundu ni nyingine. Ukiona dalili hiyo usiilaumu diski. Anayetaka kutazama miaka ishirini ijayo anunue deki mbili sasa, moja aitumie, moja aiweke kwenye boksi lake mahali pakavu, aiwashe mara mojamoja.

MdauWaPicha, kuhusu HD DVD zako sina habari nzuri. Ni nusu mbili za milimita 0.6 zilizobandikwa kwa gundi, na wakusanyaji wengi wanaripoti kwamba zinaanza kugoma hata kama uso wake unang'aa bila mkwaruzo. Anza na zile ambazo hazikutoka kwa Blu-ray, maana hizo ndizo hutazipata pengine. Kile kiendeshi cha Xbox 360 kinaunganishwa kwa USB na kompyuta inakitambua, kwa hiyo ukikipata kizima kinaweza kuzisoma. Kwenye suala la kutoa nakala angalia kwanza sheria ya nchi yako, maana nchi nyingi zinakataza kuvunja kinga ya diski hata kama diski ni yako.

Mzee_Kanda

Niongeze moja kwa wanunuzi wa sasa. Msinunue kila kitu kwa 4K. Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 na kuskaniwa upya kwa 4K inastahili UHD, utaona vitu ambavyo hata ukumbini havikuonekana. Filamu ya kidijitali ya miaka ya 2000 iliyopigwa na kumaliziwa kwa 2K, Blu-ray yake nzuri inatosha, labda kama HDR imefanywa kwa uangalifu. Vichekesho na tamthilia za mazungumzo, hata strimingi haina ubaya.

Na msitupe DVD. Zipo filamu nyingi ambazo hazikuwahi kupanda kwenda Blu-ray wala kufika kwenye strimingi. Hizo DVD ndiyo nakala pekee ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipata.

Sauti_Nzito

Naunga mkono. Niongeze tu kwamba mwangalie pia sauti kabla ya kununua UHD ya filamu za zamani. Baadhi zinakuja na Atmos mpya na ule mchanganyiko wa asili hauwekwi kabisa. Kama Blu-ray yake ya awali ina sauti ya asili, usiiuze.

FundiLenzi

Na diski ikifika ijaribuni mapema, muda wa kurudisha ukiwa bado haujapita. Msitazame dakika kumi za mwanzo mkaridhika. Diski inasomwa kutoka ndani kwenda nje, na ya safu mbili inapofika ukingoni inahamia safu ya pili na kurudi ndani. Kama imejaa, katikati ya filamu ndipo leza iko ukingoni kabisa, mahali ambapo diski inainama zaidi na vidole vinashika. UHD ikiganda, mara nyingi inaganda huko. Futeni kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, kisha, kwa diski ya safu mbili, chezeni robo saa kabla na robo saa baada ya nusu ya filamu. Ikipita hapo bila kusita, wekeni rafuni.